Usipake Rangi Juu ya Kutu

Somo: Nehemia 2:11–18 na 5:1–13

 

Wapendwa, leo sitahubiri kwa muda mrefu, ingawa najua kila Jumapili nasema hivyo. Fungua Biblia yako katika Nehemia sura ya pili, kuanzia mstari wa 11. Aliyekuja bila Biblia aangalie kwa jirani, lakini wiki ijayo aje na yake.

Nehemia amefika Yerusalemu. Ametoka mbali, Shushani, katika jumba la mfalme Artashasta, ambako kazi yake ilikuwa kumpa mfalme kikombe cha divai. Ana barua za mfalme. Ana maaskari wa kumsindikiza. Ana ruhusa ya kupewa miti kutoka msitu wa mfalme. Mimi na wewe tungefika na barua kama hizo, siku hiyo hiyo tungefunga vipaza sauti tuite mkutano. Yeye ananyamaza siku tatu. Kisha anaamka usiku na watu wachache tu, na mnyama mmoja, yule aliyempanda. Hajamwambia mtu yeyote Mungu amemtia nini moyoni. Anatoka kwa Lango la Bondeni, anapita kwa Lango la Jaa, anatazama ukuta pale ulipobomoka na malango yalivyoliwa na moto. Akifika upande wa Birika la Mfalme, vifusi ni vingi mpaka mnyama wake anakosa mahali pa kupita.

Mwambie jirani yako: "Zunguka ukuta wako kwanza."

Kwa nini usiku? Nimesikia ikihubiriwa kwamba aliogopa maadui. Huenda. Lakini mimi naona huyu mtu alitaka kuujua ukweli kabla watu hawajaanza kumpigia makofi. Maana makofi yakishaanza, ni vigumu sana kusema, "Ngojeni, hapa nyuma bado kumebomoka."

Sasa niwaambie habari ya ile pikapu ya rangi ya maziwa mnayoiona pale nje kila Jumapili, ile watoto wa Shule ya Jumapili hupenda kupanda nyuma. Vijana mmeniuliza mara nyingi kwa nini siiuzi ninunue Probox. Leo nitawajibu. Mke wangu ameniruhusu, maana sehemu ya hadithi hii ni yake.

Ni Peugeot 404. Wazee mko hapa mnaijua. Gari la namna hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Na ile ya 1963 na ya 1968 ndizo zile ambazo magari saba peke yake yalimaliza, mengine yote yakabaki kwenye matope na mawe. Baba yangu hakuwa mtu wa mashindano. Alinunua pikapu yake ikiwa tayari imetumika, mimi nikiwa shule ya msingi kule Njabini, Kinangop, na akaitumia kubeba kabeji na viazi. Aliamka saa nane usiku. Kinangop mnajua baridi yake. Gari likikataa kuwaka, alitia hendeli pale mbele, chini ya yule simba, akazungusha mara mbili, injini ikakubali. Anatoka Njabini, anapita Flyover, anashuka mpaka Nairobi, na Marikiti anafika kabla hakujapambazuka. Pikapu ile ilisomesha watoto sita. Baba alipolala, mimi kifungua mimba ndiye niliyeachiwa ufunguo.

Nami nilikuwa mlevi.

Sikupata ajali. Ningekuwa nimepata ajali ningekuwa na kitu cha kusingizia. Niliimaliza polepole, nikiwa na akili zangu, spana mkononi. Niliuza betri kwanza. Kisha radieta, kwa sababu shaba ina bei kwa mtu wa vyuma kuukuu. Kisha kabureta. Kisha taa zote mbili, siku moja, nikalipa deni la chang'aa na nikabaki na ya kuanzisha deni lingine. Mama alikuwa akinitazama kupitia dirisha la jikoni. Hakusema neno. Siku niliyofungua kiti cha dereva, kile baba alichokalia miaka hiyo yote, ndiyo siku mama alifunga lile dirisha. Mwezi huo mke wangu alichukua watoto wetu wawili akarudi kwao.

Pikapu ikabaki chini ya mti wa mlimao, boneti wazi. Kuku walitaga mayai ndani.

Halafu nikaokoka. Ilikuwa katika mkutano wa injili Naivasha, na nasema wazi, niliokoka kweli. Yesu alinipokea usiku ule na hajaniacha mpaka leo. Lakini sikilizeni nilichofanya baada ya hapo. Nilikopa pesa, nikaita fundi wa rangi wa kando ya barabara, nikamwambia nataka gari la baba ling'ae. Fundi akaniambia, "Boss, hapa kuna kutu." Nikamwambia, "Weka puti." Akaziba mashimo kwa puti, akapiga msasa, akapuliza rangi ya buluu. Ikang'aa kama bibi harusi! Ushirika ukaja nyumbani kwa maombi ya shukrani, tukapiga picha mbele yake. Ndani hakukuwa na kiti. Chini ya boneti injini ilikuwa imeshikana, haizunguki. Nilifunga milango ili wageni wasichungulie.

Na hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi mwenyewe. Wiki ya tatu baada ya kuokoka nilipewa kipaza sauti nikatoa ushuhuda. Mwezi wa pili nilipewa suti. Mwezi wa nne nilikuwa naongoza sifa. Hakuna aliyeniuliza, "Ndugu, mke yuko wapi? Ni nani unayemdai, na ni nani anayekudai?" Silaumu kanisa lile, walinipenda. Lakini niseme kama mchungaji kwa wachungaji wenzangu, na mnisamehe: sisi tunapenda rangi mpya. Mlevi akiokoka leo tunataka picha yake kesho.

Mvua ya Aprili ilikuja. Mwezi wa tano rangi ilianza kufura malengelenge kwenye mlango wa kushoto. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, kidole kikapita mpaka ndani. Mwezi wa sita walinikuta nimelala kwenye mtaro kando ya barabara, nimevaa ile suti ya ushuhuda.

Soma Ezekieli 13 ukifika nyumbani. Mungu anawakasirikia manabii ambao watu wanajenga ukuta dhaifu, nao wanakuja kuupaka chokaa uonekane imara. Anasema mvua itakuja, na mawe ya barafu, na upepo, na ukuta utaanguka, na watu watauliza chokaa yenu iko wapi. Mungu hachukii rangi. Pikapu yangu leo ina rangi. Anachokataa ni rangi iliyotangulia kazi.

Baada ya ule mtaro sikwenda kanisani miezi kadhaa. Aliyenisaidia hakuwa mpendwa. Alikuwa fundi mzee ambaye sikuwahi kumwona akiingia kanisa lolote, na alikuja kwetu kununua ekseli ya nyuma. Alizunguka ile pikapu akiwa na nyundo ndogo. Anagonga, anasikiliza. Pahali pazima palilia kama kengele. Pahali palipooza palitoa sauti kama ya kugonga boga. Kila palipooza alichora duara kwa chaki. Nilihesabu maduara 23 juu ya ile rangi yangu ya buluu. Alipomaliza akaniuliza, "Nikwambie ukweli au nikwambie bei?"

Nikasema ukweli.

Akasema, "Mifupa ya chini bado ni mizima. Mzee wako aliitunza. Haya mengine yote ni ya kukata. Kutu haipakwi rangi, kijana. Inakatwa mpaka ufike kwa chuma cheupe."

Usiku ule, wapendwa, nilichukua daftari la shule la mtoto wangu lililokuwa limebaki nyumbani, nikawasha taa ya mafuta, nikazunguka ukuta wangu. Niliandika kila mahali nilipobomoka. Jina la mtu, nilichomfanyia, kiasi. Niliandika mistari 31. Kuna pahali nilifika kalamu ikakataa, kama yule mnyama wa Nehemia. Sikumwonyesha mtu daftari lile mpaka miaka miwili ikapita. Lakini Mungu alikuwa ameliona, na kwa mara ya kwanza nililala bila pombe na bila kujidanganya, vyote viwili usiku mmoja.

Sasa injini. Hapa nataka mnisikilize, hasa ninyi mnaopenda Mungu afanye mambo kwa haraka. Injini iliyokaa bila kufunikwa huingia maji, na pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Ukitia hendeli ukalazimisha, unavunja ringi, au unavunja kitu kikubwa zaidi. Mzee alitoa plagi zote nne, akamimina dizeli katika kila silinda, akafunika na vitambaa, akaniambia tungoje. Siku ya tatu nikataka kujaribu. Akasema bado. Siku ya tano akaninyang'anya hendeli akaenda nayo kwake! Alikuja jioni baada ya jioni, anaongeza dizeli kidogo, anaondoka. Siku ya kumi na mbili alitia hendeli, akaegemea kidogo tu, na injini ikasonga upana wa kidole. Akaitoa hendeli. "Inatosha leo," akasema.

Kwa wakati ule nilikuwa nimetuma wazee kwa wakwe zangu mara tatu ndani ya mwezi mmoja, wamwambie mke wangu nimebadilika, arudi. Mara ya tatu mama mkwe aliwapa chai, kisha akawaambia, "Mwambieni mwanangu asituvute. Yeye hakuharibika siku moja." Nikaelewa kwamba nilikuwa navunja ringi. Nikaacha kutuma wazee. Nikaanza kutuma karo ya watoto, kidogo kidogo, bila barua.

Tuingie Nehemia sura ya tano. Watu wengi wakihubiri ukuta wa Nehemia wanaruka sura hii, wanatoka kwa Sanbalati na Tobia wa sura ya nne wanaenda moja kwa moja kwa ushindi wa siku 52 katika sura ya sita. Lakini katikati ya ujenzi kuna kilio. Si kilio cha maadui. Ni maskini wanawalilia ndugu zao wenyewe: mashamba yetu mmeyachukua, watoto wetu wamekuwa watumwa, kwa sababu ya madeni. Watu wanajenga ukuta wa Bwana kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine wanakula jirani! Nehemia anakasirika. Anawaambia rudisheni mashamba, rudisheni mizabibu, na ile riba mliyotoza, rudisheni hiyo pia, tena leo. Nao wakaitikia "Amina" na wakafanya.

Amina ya kurudisha ndiyo ngumu kuliko zote.

Mstari wa kwanza katika daftari langu ulikuwa wa mama mmoja mjane, jirani. Kabla pikapu haijafa nilikuwa nimebeba magunia 11 ya viazi vyake kwenda sokoni, nikayauza, nikanywa pesa zote. Nilimwambia gari lilikamatwa na polisi. Niliuza mbuzi wawili waliokuwa wamebaki, nikaenda kwake, nikapiga magoti nikamwambia ukweli. Nilidhani atalia, anikumbatie, tuombe pamoja. Nilikuwa nimejitayarisha hata maneno. Yule mama alipokea pesa, akahesabu, akahesabu tena, akasema, "Hizi ni za magunia saba. Bado manne." Akaingia ndani.

Ilinichukua miezi mitano kumaliza hayo manne, kwa kibarua cha kuchimba viazi vya watu. Na pale ndipo Roho Mtakatifu alinifundisha kwamba msamaha wa Mungu ni wa bure na deni la mjane si la bure. Usichanganye hivyo viwili. Mungu alinifutia usiku mmoja Naivasha. Yule mama hakuwepo Naivasha.

Kazi ya bodi ilichukua karibu miaka miwili. Nilikuwa nafanya kibarua wiki nzima, na Jumamosi naenda kushika kipande cha bati fundi akichomelea. Kabureta nilipata Nairobi, Grogan, nikailipia mara kumi ya ile bei niliyouza ya kwanza. Watu walipita njiani wakicheka. Mmoja alikuwa akiuliza kila wiki, "Mchungaji, leo inaenda Mombasa?" wakati sikuwa mchungaji wa kitu chochote. Nikamkumbuka Tobia, aliyesema hata mbweha akipanda ukuta huo utaanguka.

Likizo ya Agosti kijana wangu alikuja kumtembelea nyanya yake. Alikuwa na miaka 13. Aliniamkia kama unavyomwamkia mwalimu. Wiki nzima alikaa kwenye ngazi ya jikoni akitutazama, hasogei. Mimi sikumwita. Nilitaka sana kumwita, lakini nilikuwa nimejifunza habari ya hendeli. Siku ya nane nilikuwa nimelala chini ya gari, mikono yote miwili imeshika kitu, nikasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, "Sasa spana ya kumi na tatu iko wapi?" Nikaona viatu vimesimama kando ya gurudumu. Mkono ukaingia chini. Ulikuwa na spana ya kumi na tatu.

Hakusema kitu. Mimi pia sikusema, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka ajue. Akabaki hapo mpaka jioni.

Ilipowaka, iliwaka kwa hendeli, kama zamani. Ilitoa moshi mweusi mpaka kuku wakakimbia. Mama alifungua dirisha la jikoni. Alikuwa amezeeka sana wakati huo. Alisikiliza kidogo, akasema, "Ya baba yenu haikuwa na kelele hivyo." Fundi akacheka mpaka akakaa chini.

Mama alisema kweli. Haikuwa na kelele hivyo. Kuna vitu havikurudi. Kiti cha baba sikukipata tena, hiki kilichomo ni cha gari lingine. Watoto wangu walikaa karibu miaka minne bila baba, na binti yangu mpaka leo akisikia mtu amechelewa kufika nyumbani usiku halali. Mke wangu alirudi, na hakurudi kwa ajili ya pikapu. Alirudi kwa sababu zake, ambazo ameniambia baadhi. Sisi wahubiri tunaukimbilia Yoeli 2:25, ile ahadi ya Bwana ya kulipa miaka iliyoliwa na nzige, nami naiamini kwa moyo wote. Lakini rudi nyuma usome mstari wa 12 na wa 13 wa sura hiyo hiyo, uone Bwana anataka nini kipasuke kwanza. Na angalia vizuri ahadi yenyewe. Miaka inalipwa. Si kwamba haikuliwa.

Mzigo wa kwanza niliobeba ulikuwa kabeji za jirani mwingine. Viazi vya yule mjane vilikuja msimu uliofuata. Alituma mtoto aniambie magunia ni sita, na kwamba atakuja naye sokoni, akae mbele. Alikaa mbele, kibeti mapajani, mpaka Marikiti na kurudi. Msimu uliofuata alinituma peke yangu.

Sasa. Leo sitaita mtu hapa mbele. Najua mmezoea, na kwaya iko tayari, lakini kaeni. Wahudumu watapitisha karatasi. Ni karatasi tupu, haitakusanywa, haina pahali pa jina. Nenda nayo nyumbani. Usiku, watu wakilala, zunguka ukuta wako na Bwana peke yake, na uandike pale palipooza. Ikiwa kuna mtu kwenye karatasi hiyo anayekudai, anza na yeye, hata kama una ya gunia moja tu kati ya kumi na moja. Ndugu ambaye ameokoka mwaka huu na tayari amepewa kipaza sauti katika kanisa hili, njoo unione. Sitakunyang'anya. Tutazungumza. Na wewe ambaye ulikuwa umerudi nyuma, umekaa kiti cha mwisho pale karibu na mlango ili utoke mapema: nimekuona, na nimefurahi umekuja.

Ukitoka, pitia kwa ile pikapu. Mlango wa kushoto, chini, fundi aliacha pahali padogo ambapo hakupaka rangi, amepaka mafuta tu ili pasishike kutu. Ni pale kidole changu kilipopita. Mimi ndiye nilimwomba apaache. Gusa ukitaka. Ni chuma.

Tuombe. Bwana Yesu, tunakuja bila rangi. Wewe gonga, nasi tutasimama. Usituache mpaka ufike kwa chuma cheupe, na yule tunayemdai heshima zaidi ya tunavyomlipa, utupe miguu ya kumwendea wiki hii. Katika jina lako tumeomba. Amina.